Nani Aliwapa Walei Kazi ya Kutazama Hasira Yao?

Anayeuza mafunzo ya umakinifu wa akili siku hizi hakosi kutaja miaka 2,500. Tangu enzi za Buddha, tunaambiwa, watu wamekuwa wakikaa kimya na kuitazama hasira au huzuni ikija na kuondoka, nasi tunarithishwa tu. Wapo wasomi wanaoikejeli hadithi hiyo: kwao yote ni zao la ukoloni wa Waingereza nchini Burma. Kauli ya kwanza haistahili kupotezewa muda. Ya pili inastahili, ingawa nayo ina tundu.

Kwamba maandiko ni ya kale halina ubishi. Satipatthana Sutta, iliyohifadhiwa kwa Kipali, humtaka mtawa aujue moyo wenye chuki kuwa una chuki, na usio nayo kuwa hauna. Wala haimwambii aukemee. Lakini andiko kuwepo ni jambo moja, watu kulitenda ni jingine. Kwa karne nyingi Mbudha wa kawaida wa Burma alilisha watawa, akashika amri tano na kutumaini kuzaliwa tena mahali pema. Kutafakari kuliachiwa wachache, na watawa wengi wenyewe waliamini kwamba zama za kuufikia ukombozi zimepita.

Mwaka 1885 Waingereza waliuteka mji wa Mandalay, wakampeleka Mfalme Thibaw uhamishoni India. Dini ikabaki bila mlinzi, maana mfalme ndiye aliyekuwa mfadhili na msimamizi wa watawa. Hapo ndipo anapong'ara mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923), ambaye mtafiti Erik Braun amemchambua kwa kina katika The Birth of Insight (2013). Ledi alizunguka nchini, akapinga ulaji wa nyama ya ng'ombe, na akawafundisha walei Abhidhamma, uchambuzi wa nafsi uliowatoa jasho hata watawa. Aliufupisha kwa mashairi, nayo yakakaririwa katika vikundi vya kusoma, wanawake wakiwemo. Mfalme hayupo, basi kila muumini awe ghala la dini. Na aliyekwisha kujifunza, kwa mujibu wa Ledi, hana haja ya kuhamia msituni wala kusubiri utulivu mkuu wa akili. Aanze kuutazama mwili na moyo wake papo hapo alipo.

Kwa hiyo wanaotaja ukoloni nawaelewa. Ila wanampita mtu mmoja kana kwamba hakuwepo: mtawa Medawi (1728–1816), aliyeandika mwongozo wa kutafakari kwa Kiburma mwaka 1754, miaka 70 kabla ya vita vya kwanza kati ya Burma na Waingereza. Medawi hakuwa akimjibu mkoloni yeyote. Alikuwa akibishana na Wabudha wenzake waliokata tamaa. Ukoloni unaeleza kwa nini mazoezi yalisambaa. Hauelezi yalichipukia wapi.

Baada ya uhuru wa 1948, serikali ya waziri mkuu U Nu iliyakumbatia mazoezi haya. Mtawa Mahasi Sayadaw akaletwa Rangoon mwaka 1949 kufundisha umati wa walei. Njia yake ilikuwa rahisi kueleza: fuata tumbo linavyopanda na kushuka; hasira ikizuka, itaje moyoni, “hasira, hasira”, usiifukuze wala usikimbilie kisa chake, hata ififie, kisha rudi tumboni. Baadhi ya watawa wa Sri Lanka walimjia juu: habari za tumbo zimeandikwa wapi?

Mjini humo humo U Ba Khin, mhasibu mkuu wa serikali, aliwafundisha wafanyakazi wake kutafakari ofisini. Mwaka 1955 mfanyabiashara S. N. Goenka, aliyesumbuliwa na kipandauso kikali, alimwendea. Goenka mwenyewe amesimulia jinsi U Ba Khin alivyomkatalia mwanzoni: mafundisho haya si dawa ya kichwa, aje kwa ajili ya kuutakasa moyo, maumivu yakiondoka yawe nyongeza tu.

Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipofungua kliniki yake ya kufundisha umakinifu wa akili katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, waliopelekwa kwake walikuwa wagonjwa wa maumivu sugu na msongo, watu ambao U Ba Khin angewataka kwanza wabadili nia.