Kisitiri cha Nywele, Si Kifuniko

Msusi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, akiona panja za mteja zimenyonyoka, hamwambii kwamba kichwa chake kinahitaji "ufunikaji". Humwambia, "Dada, hapa tutapasitiri," kisha huchagua mtindo wa kuangusha nywele mbele, au humshauri avae wigi kwa muda.

Walioketi kutunga istilahi za urembo hawakumsikia. Kwao, chochote kinachoongeza wingi wa nywele zilizopungua ni "kifuniko cha nywele", na tendo lake ni "ufunikaji wa upara". Tafsiri hiyo imefuata neno la kigeni hatua kwa hatua, ikaiacha maana nyuma.

Kufunika ni kwa chungu, kisima na shimo. Tena funika lina pacha wake, funua: kilichofunikwa kinangoja kufunuliwa. Nani atamtakia hayo mama mwenye wigi akiwa ndani ya meli ya kwenda Mwanza?

Sitiri ni neno la namna nyingine. Asili yake ni satara ya Kiarabu, yaani kuficha au kukinga, na Kiswahili kimelikuza kuliko kilivyolipokea. Limezaa kusitirika, na stara ni la shina hilo hilo. Maiti husitiriwa kwa sanda. Mwenye kijumba cha udongo hushukuru kwamba kinamsitiri. Atunzaye siri ya jirani amemsitiri. Katika matumizi yote haya mna heshima ya mtu, ndiyo maana kinyume cha kusitiri ni kuumbua. Kisitiri chenyewe si neno la kubuni jana: kamusi za zamani zinalo, kwa maana ya kiambaza au pazia la kuzuia macho ya watu.

Wapo wanaolikataa kwa sababu ni la Kiarabu. Istilahi nalo ni la Kiarabu, na hakuna aliyependekeza lifutwe.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupeleka pendekezo la "kisitiri cha nywele" mahali panapohusika. Hakujibiwa, hata kwa mstari mmoja. Inasikitisha, kwa kuwa tafsiri si jambo geni Ukerewe: Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kisiwa chenye historia hiyo kinastahili kusikilizwa maneno yanapotungwa.

Kwa matumizi: wigi, rasta, kilemba na unga wa nyuzi za keratini unaonyunyizwa juu ya nywele chache ni visitiri. Minoxidil si kisitiri, ni dawa. Ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, na Marekani iliiidhinisha kwa upara mwaka 1988. Kuhamisha vinyweleo kutoka kisogoni ni upandikizaji. "Ufunikaji" unavivuruga vyote hivi, na mnunuzi hajui kama analipia pazia au tiba. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu msuko unaovuta panja miaka na miaka huweza kuua mashina ya nywele zisiote tena, na rasta nzito zilizosukwa kwa kubana juu ya panja hizo huzidisha madhara.

Wahariri wa kamusi na wa majarida ya urembo waandike kisitiri cha nywele, wingi visitiri vya nywele, na kifuniko wakiachie chungu.