Kocha Anapokaa: Urithi wa Bruda Colm O'Connell katika Riadha ya Wasichana wa Iten na Maswali Yake kwa Shule za Bukoba na Muleba

Utangulizi

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, walianza kushikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameathirika. Madaktari waliandika habari zake katika jarida la kitabibu mwaka 1963, na tangu hapo tukio hilo limetajwa na watafiti wa mataifa mengi. Kwa msomaji aliye mbali na Kagera, hilo ndilo jambo kuu analolijua kuhusu shule hiyo. Miili ya wasichana iliingia katika maandishi ilipougua. Namna walivyocheza, na walimu waliowafundisha kucheza, havikupata nafasi kama hiyo.

Pengo hilo ndilo msingi wa makala hii. Inachunguza urithi wa kocha aliyedumu muda mrefu katika michezo ya wasichana shuleni, kwa kutumia mfano wa Iten nchini Kenya, ambako maandishi ni mengi. Kisha inarejea Bukoba na Muleba kuuliza mfano huo unamfunza nini mwanahistoria wa michezo ya shule mkoani Kagera. Hoja yake ni kwamba urithi wa kocha haumo katika medali, bali katika utaratibu unaoendelea kuwalea wasichana hata pale mwanzilishi wake asipokuwepo.

Kipimo cha urithi

Katika mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vya Marekani, urithi wa kocha una kipimo kilicho wazi. Pat Summitt alianza kuiongoza timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 22. Hiyo ilikuwa miaka miwili tu baada ya sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopata fedha za serikali kuu. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa ameshinda michezo 1,098 na kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara 8. Hata hivyo, watu wanaomtetea hawaishii kwenye hesabu hiyo. Hutaja pia kwamba wachezaji wake waliokamilisha miaka yao ya kuichezea Tennessee walihitimu masomo. Hivyo hata mahali penye takwimu nyingi, ushindi peke yake haukutosha kueleza alichokiacha kocha.

Afrika Mashariki haikuwa na ligi ya vyuo ya aina hiyo, yenye fedha na kumbukumbu za kila mchezo. Mwanahistoria analazimika kutafuta kipimo kingine, na Iten inakitoa.

Iten, kuanzia 1976

Colm O'Connell, bruda wa shirika la Wapatrisi kutoka Ireland, alifika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Patrick, Iten, mwaka 1976. Alikuja kufundisha jiografia, na hakuwa na mafunzo yoyote ya riadha. Aliingia uwanjani akimsaidia mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu wa mwanariadha Brendan Foster. Foster alipoondoka, O'Connell alibaki na kazi hiyo. Alijifunza ukocha kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia, na hakurudi kwao. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma katika shule hiyo, alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul.

Mtakatifu Patrick ni shule ya wavulana. Kwa sababu hiyo, hatua iliyochukuliwa mwaka 1989 ina uzito wa pekee katika historia ya wanawake. Mwaka huo O'Connell alianzisha kambi ya vijana ya wakati wa likizo, na wasichana wakapata nafasi ndani yake. Kambi hiyo ilivuka mpaka wa shule moja na wa jinsia moja. Ilitumia majengo yaliyokuwepo na muda ambao msichana angekuwa nyumbani akichota maji na kulea wadogo zake. Matokeo yalionekana mapema. Lydia Cheromei alishinda mbio za nyika za dunia za vijana mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 13. Sally Barsosio alipata medali ya shaba ya mita 10,000 mjini Stuttgart mwaka 1993, kisha dhahabu mjini Athens mwaka 1997, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Kocha huyo huyo alimwongoza David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1:40.91, katika Olimpiki ya London mwaka 2012.

Maelezo ya kawaida ya mafanikio haya hutaja mwinuko wa Iten, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asili ya wakimbiaji. Sababu hizo zina nafasi yake, lakini hazielezi mfuatano wa wakati. Mwinuko ulikuwepo kabla ya 1989. Kilichobadilika ni kuwepo kwa mtu aliyekaa na mahali ambapo msichana aliweza kurudi kila likizo.

Mipaka ya urithi

Urithi huo haukukamilika. Lornah Kiplagat alipoanzisha kituo chake cha mazoezi mjini Iten, ulipokaribia mwaka 2000, alikusudia kuwapa wanawake mahali ambapo hawangeachiwa upishi na ufuaji wa kambi nzima. Kwamba kituo hicho kilihitajika ni ushahidi kuwa nafasi ya kukimbia haikuwa bado nafasi sawa. Mnamo Oktoba 2021, Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa. Wanariadha wenzake waliunda Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Kifo hicho hakiwezi kuhesabiwa dhidi ya kocha yeyote. Kinaonyesha tu kwamba kumfundisha msichana kukimbia ni jambo moja, na kumlinda anapoanza kupata fedha na jina ni jambo jingine.

Hitimisho: kurejea Kagera

Bukoba na Muleba zina walichokuwa nacho watu wa Iten mwaka 1976: shule za bweni zenye historia, ikiwemo Rugambwa ya wasichana mjini Bukoba, na mashindano ya UMISSETA ambamo mpira wa kikapu na netiboli huchezwa. Tofauti kubwa imo katika muda. Mwalimu wa shule ya serikali huhamishwa, na msichana anayemaliza kidato cha nne huweza kupangiwa kidato cha tano mkoa mwingine. Timu hujengwa na kuvunjika kabla haijawa desturi.

Kwa hiyo, ukosefu wa majina makubwa haupaswi kusomwa kuwa ni ukosefu wa vipaji wala wa walimu wenye moyo. Unaweza kuwa ukosefu wa mwendelezo, na pia wa kumbukumbu. Shajara za walimu wa michezo, picha za timu, vyeti vilivyotunzwa majumbani na masimulizi ya wanawake waliosoma huko ni vyanzo vinavyopotea kadiri wenye kuvitunza wanavyozeeka. Visipokusanywa, msomaji wa kesho atajua kwa uhakika siku wasichana wa Kashasha walipoanza kucheka, wala hatajua ni nani aliyesimama kando ya uwanja akiwafundisha.