Kuchomeka si Kupachika

Mwenye kamera ya dijitali anachomeka waya wa USB kwenye kompyuta ya Linux, picha hazionekani, naye anaulaumu waya. Mara nyingi waya hauna kosa. Akiandika lsusb ataiona kamera imeorodheshwa kwa jina. Kilichosalia ni tendo la pili, ambalo mifumo ya jamii ya Unix huliita mount, na ambalo Kiswahili chake kinachofaa ni kupachika.

Kwenye Linux hakuna diski C wala D. Kuna mti mmoja wa saraka, unaoanzia kwenye mkwaju (/). Kadi ya kamera ina mti wake mdogo, na kuupachika ni kuufunga juu ya saraka iliyopo, tuseme /media/kamera, ili folda ya DCIM ifunguke humo kama folda nyingine yoyote. Mshale hupachikwa kwenye upote wa upinde vivyo hivyo: viwili vinafanya kazi moja bila kugeuka kitu kimoja. Kupakia hakufai, kwa kuwa tunapakia faili mtandaoni. Kubandika nako kumeshachukuliwa na kunakili.

Zaidi ya hayo, kupachika kunatupa kupachua bure, kama kuanika kunavyotupa kuanua. Hili ni jambo kubwa. Linux haiandiki kila kitu kwenye kadi papo hapo. Sehemu huiweka kwanza kwenye kumbukumbu yake. Amri ya umount humalizia maandishi hayo, kisha huachia kadi. Anayechomoa kabla ya kupachua anaweza kuharibu faili, na tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo onyo lenyewe.

Istilahi nzuri huonyesha pia mipaka yake. Kamera nyingi hazijitokezi kama diski. Hutumia itifaki ya PTP, ambayo ni kiwango cha ISO 15740. Hapo hakuna mti wa kupachika: programu huiomba kamera orodha ya picha, kisha picha moja moja. Kazi hiyo hufanywa na maktaba ya libgphoto2, inayotumiwa na digiKam na Shotwell, na kwenye dirisha la amri gphoto2 --get-all-files huleta picha zote.

Amri hiyo ikikataa kwa kudai kwamba haiwezi kukishika kifaa, huenda eneokazi la GNOME limeitangulia na kuionyesha kamera kwenye kidhibiti faili kana kwamba ni diski. Ipachue humo, waya ubaki umechomekwa, kisha rudia amri.