Dawa za kuacha sigara: tupime madhara yake kabla ya kuzimeza na kabla ya kuzitupa

Katika makusanyiko yetu ya zone ya afya ya Kirotshe, kutoka Sake kupitia Shasha hadi Bweremana na juu milimani, wako wababa, vijana na hata wamama wanaotaka kuachana na sigara. Wengi wamekwisha kujaribu zaidi ya mara moja. Wakisikia kwamba kuna vidonge vinavyosaidia, swali la kwanza ni hili: je, havitaniharibu? Ni swali la busara. Bwana wetu mwenyewe alitufundisha kuhesabu gharama kabla ya kuanza kujenga. Basi tuhesabu gharama, lakini tuhesabu pande zote mbili. Makala haya hayachukui nafasi ya muuguzi wala daktari. Yanasaidia kuzungumza nao vizuri.

Pande mbili za mizani

Upande mmoja kuna madhara ya dawa. Mengi ni ya muda, nayo huisha dozi ikipunguzwa au dawa ikiachwa. Upande wa pili kuna tumbaku yenyewe. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioiacha. Kwetu kuna jambo la kuongeza: kifua kikuu. Mvutaji hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na akiisha kupona ugonjwa unaweza kumrudia kwa urahisi zaidi.

Dawa nazo hazifanyi muujiza. Uchambuzi mkubwa wa Cochrane wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila dawa, karibu 6 hufaulu kwa miezi sita au zaidi. Wanaotumia varenikilini hufaulu karibu 14. Wanaotumia aina moja ya nikotini ya tiba hufaulu karibu 9, na wanaochanganya aina mbili, karibu 12.

Dawa zenyewe na madhara yake

*Nikotini ya tiba.* Ni plasta ya kubandika ngozini au gamu ya kutafuna. Humpa mtu nikotini kidogo bila moshi. Plasta huweza kuwasha ngozi, kwa hiyo ibandikwe mahali papya kila siku. Ikikatisha usingizi, itolewe kabla ya kulala. Gamu huleta kwikwi na kiungulia kwa anayeitafuna haraka kama pipi. Itafunwe polepole, kisha iwekwe kando ya shavu. Aliyepata shambulio la moyo majuma machache yaliyopita amuone daktari kwanza.

*Varenikilini.* Huanza kwa dozi ndogo ya miligramu 0.5, ikapanda polepole ndani ya juma moja, na matibabu huchukua majuma 12. Kichefuchefu huwapata karibu watu 3 kati ya 10. Ndoto kali pia ni za kawaida. Imezwe baada ya chakula, kwa glasi nzima ya maji. Anayekula mara moja tu kwa siku amwambie muuguzi ili wapange saa pamoja. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo hupewa dozi ndogo.

*Bupropioni.* Hukausha kinywa na kupunguza usingizi. Hatari yake kubwa ni degedege: kwa dozi ya kawaida humpata karibu mtu 1 kati ya 1000. Kwa hiyo mwenye kifafa hapewi kabisa. Aliyewahi kuumia sana kichwani, na mnywaji wa kasiksi au kanyanga anayekata pombe ghafla, wako hatarini pia.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asianze dawa yoyote kati ya hizi bila daktari. Kwake msaada wa kwanza ni mashauri.

Je, vidonge huleta wazimu?

Uvumi huu una chanzo. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liandikwe kwenye varenikilini na bupropioni, kwa sababu ya ripoti za huzuni na mawazo ya kujiua. Baadaye ulifanyika utafiti wa watu zaidi ya 8000 katika nchi 16, karibu nusu yao wakiwa na historia ya ugonjwa wa akili. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: dawa hizo hazikuongeza matatizo ya akili kwa kiasi cha maana zikilinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani. Mwaka huohuo onyo liliondolewa.

Hata hivyo, katika utafiti huo wenye historia ya ugonjwa wa akili walipata shida zaidi kuliko wengine, dawa yoyote waliyopewa, hata wale wasiopewa dawa. Kwetu, ambako wengi wamekimbia vita na kuzika wapendwa wao, hili ni jambo la kuangalia. Anayeacha sigara asiachwe peke yake. Akianza kusema habari za kufa, aache dawa na apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo.

Si kila taabu inatoka kwenye dawa

Mwili unaokosa sigara hulalamika wenyewe. Hasira, njaa, kukosa usingizi, kukosa utulivu na kikohozi huwapata hata wasiomeza kidonge chochote. Taabu hizi huwa kali juma la kwanza, kisha hupungua ndani ya majuma mawili hadi manne. Wengi huzidhania kuwa madhara ya dawa. Hutupa vidonge na kurudia sigara. Andika siku ulipoacha, siku ulipoanza dawa na siku taabu ilipoanza. Muuguzi atasoma mengi katika tarehe hizo tatu.

Dawa nyingine unazotumia

Moshi wa tumbaku hufanya ini kuondoa baadhi ya dawa mwilini kwa haraka. Ukiacha kuvuta, dawa hizo hubaki kwa wingi zaidi, ingawa dozi haijabadilika. Mwenye pumu anayemeza aminofilini anaweza kuanza kutapika na kusikia moyo ukienda mbio, hata kupata degedege. Plasta ya nikotini haizuii jambo hili, kwa maana linatokana na moshi, si nikotini. Dozi inapaswa kuangaliwa upya na muuguzi.

Kahawa nayo hufuata njia hiyohiyo. Anayekunywa vikombe vinne na kukosa usingizi apunguze hadi viwili kabla ya kulaumu dawa.

Rifampisini ya kifua kikuu, na efavirenzi ya SIDA, hupunguza nguvu ya bupropioni. Tramadoli na baadhi ya dawa za malaria, kama mefloquine na chloroquine, huongeza hatari ya degedege zikichanganywa nayo. Usiache dawa za kifua kikuu wala za SIDA kwa sababu ya kutaka kuacha sigara.

Dawa zisipopatikana

Nikotini ya tiba imo katika orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu 2009. Varenikilini na bupropioni ziliongezwa 2021. Lakini kuwa katika orodha si kuwa katika duka la dawa la kituo chetu, hasa tangu vita vilipofika barabara ya Sake na Shasha mwaka 2024. Tusinunue sokoni vidonge visivyo na jina wala tarehe.

Msaada usio na madhara upo. Mwongozo wa OMS wa mwaka 2024 unataka kila mhudumu wa afya ampe mvutaji ushauri, hata wa nusu dakika hadi dakika tatu. Kusanyiko linaweza kuongeza: shemasi wa kumtembelea kila siku katika juma la kwanza, na ndugu wanaokubali kutovuta mbele yake.

Mwambie muuguzi mambo haya

- Unavuta sigara ngapi kwa siku, na ya kwanza saa ngapi.
- Kama umewahi kupata kifafa, degedege au jeraha la kichwa.
- Dawa zote unazomeza, hata za kienyeji.
- Pombe unayokunywa. Asikuhukumu, nawe usimfiche.
- Kama una mimba, unanyonyesha, au una ugonjwa wa figo, moyo au akili.

Aliyeanguka akavuta tena hajapoteza yote. Wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa. Arudi kituoni, aeleze kilichomshinda, dozi au dawa ibadilishwe. Nasi katika kusanyiko tumpokee bila kumsengenya.