Mayai ya Pasaka: Rangi kutoka jikoni, chakula kwa watoto

Kutia mayai rangi wakati wa Pasaka ni desturi ya Wakristo iliyokita mizizi Mashariki ya Kati na Ulaya. Haikutokana na mila za Waluo wala Wakuria, jamii zinazoishi katika kaunti za Homa Bay na Migori. Hata hivyo, mzazi wa kaunti hizo aweza kuifanya na wanawe kwa gharama ndogo, mradi akumbuke kuwa yai lililotiwa rangi ni chakula, na sharti libaki chakula.

Chimbuko

Katika karne za kati, Wakristo wa Ulaya walikatazwa kula mayai wakati wa Kwaresima. Kuku hawakuacha kutaga, hivyo mayai yalirundikana hadi sikukuu. Hesabu za nyumba ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza za mwaka 1290 zaonyesha kuwa yalinunuliwa mayai 450 ili yapambwe na kugawiwa watu wake. Waorthodoksi huyatia rangi nyekundu, ishara ya damu ya Kristo. Ganda huwakilisha kaburi, na kulivunja ni kukumbuka ufufuo.

Vifaa

Maganda makavu ya vitunguu, ambayo wachuuzi wa sokoni huyatupa, hutoa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Manjano ya unga hutoa rangi ya dhahabu, nayo kabeji ya zambarau hutoa samawati. Rangi hafifu huonekana vyema kwenye mayai meupe. Yai la kahawia hufaa zaidi kwa maganda ya vitunguu.

Rangi za nguo na za kuta zisitumike kamwe. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno vinavyoweza kupitisha rangi hadi ndani.

Namna ya kufanya

Maganda ya vitunguu kumi na viwili huchemshwa katika lita moja ya maji kwa nusu saa, kisha maji huchujwa na kuachwa yapoe. Huongezwa vijiko viwili vikubwa vya siki. Asidi ya siki hulainisha uso wa ganda, ambalo ni kalisi, na kusaidia rangi kushika.

Wakati huo, mtoto hubandika jani la dania juu ya yai lililooshwa, akalifunga kwa kipande cha soksi ya nailoni. Mayai hutiwa katika maji hayo ya rangi, yakachemshwa polepole kwa dakika kumi na mbili. Soksi ikifunguliwa, umbo la jani hubaki limechorwa kwenye ganda. Kuchemsha ni kazi ya mtu mzima, hasa pale jiko la makaa linapowekwa sakafuni.

Joto na usalama

Vitabu vingi vya kigeni huagiza mayai yalale ndani ya rangi usiku kucha. Agizo hilo huchukulia kuwa nyumbani kuna jokofu. Yai lililochemshwa halipaswi kukaa nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Katika miji ya kando ya ziwa kama vile Mbita na Kendu Bay, familia isiyo na jokofu yafaa ichemshe mayai asubuhi ya Pasaka yenyewe na kuyala papo hapo, si kuyaandaa Jumamosi. Yakihifadhiwa kwenye jokofu, yaliwe kabla ya wiki moja kuisha.

Kwa anayefuga kuku wa kienyeji, kila yai linaloingia sufuriani ni kifaranga ambacho hakitaanguliwa. Kwa hiyo yai moja kwa kila mtoto latosha: alipambe, awaonyeshe wenzake, kisha alimenye na kulila.