Haki ya Kuketi Mezani: Historia Fupi ya Kula Nje, Kutoka Kwetu hadi Cheektowaga



Wiki hii kalenda yetu imejaa uhuru. Tarehe 30 Juni ni ya Kongo, iliyopata uhuru mwaka 1960. Tarehe 1 Julai ni ya Somalia, mwaka huo huo wa 1960, na ya Rwanda na Burundi, mwaka 1962. Tarehe 4 Julai ni ya Marekani, nchi inayotulea sasa. Katikati ya sikukuu hizi kuna siku moja isiyo na fataki wala gwaride, nayo ni tarehe 2 Julai. Siku hiyo, mwaka 1964, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia. Sehemu ya pili ya sheria hiyo inasema kwamba mtu asikataliwe huduma katika hoteli au mahali pa kula kwa sababu ya rangi yake, dini yake au nchi alikotoka.

Watoto wetu wanapoomba Jumamosi jioni twende tukale nje, wao huona ni jambo la kawaida. Wanachagua mahali kwa simu, tunaingia kwenye gari, mlango unafunguliwa, tunaonyeshwa meza. Tunafurahi kwamba kwao ni kawaida. Hata hivyo tunataka wajue kwamba mlango huo ulikuwa umefungwa, huku na kule, na kwamba watu waliufungua.

Kule nyumbani

Wazee wetu hawakuwa na desturi ya kula nje kwa starehe. Chakula kilikuwa cha nyumbani, na mgeni aliongezwa kwenye sahani ile ile. Aliyekula kwa kulipa alikuwa msafiri, kibarua wa bandarini, mfanyakazi wa reli au wa mgodi, au mtu asiye na jamaa mjini. Lugha yenyewe inakumbuka hayo. Neno mkahawa limetoka kwenye kahawa, kwa kuwa ndiyo iliyowakusanya watu barazani. Hoteli, kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, ni mahali pa wali, chapati na chai, hata kama hapana kitanda hata kimoja. Tanzania wakapatikana akina mama ntilie, jina lililotokana na mteja anayenyoosha sahani na kusema, "Mama, nitilie." Akina mama hao waliongezeka sana miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haitoshi na kila nyumba ikitafuta shilingi ya ziada. Kongo wana malewa, meza ya mama kando ya barabara, ambako bosi na mbeba mizigo hukaa kwenye benchi moja.

Benchi hilo moja lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Wakati wa ukoloni miji yetu iligawanywa kwa rangi. Katika Kongo ya Wabelgiji palikuwa na mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, na usiku Mwafrika hakutakiwa kuonekana mji wa Wazungu bila ruhusa. Mwaka 1948 serikali ilianza kutoa kadi maalumu kwa Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa "wastaarabu". Kadi hiyo haikumhakikishia mwenye nayo kiti katika mikahawa ya Wazungu. Nairobi nako hoteli kubwa zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Alipika chakula, alikibeba na aliosha vyombo, lakini hakuketi. Kwa hiyo wazee waliposhangilia uhuru hawakushangilia bendera peke yake. Walishangilia pia kiti.

Baadaye vita viliwakimbiza wengi wetu. Kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, tulikula mgao: unga, maharage, mafuta, chumvi. Mgao ni msaada, na tunaushukuru, lakini mtu wa foleni hachagui. Ndiyo maana vibanda vya chai na mandazi vilichipuka katikati ya kambi. Mtu mwenye sarafu mbili aliweza kuketi, kusema anachotaka, na kuletewa. Kwa dakika chache hakuwa namba kwenye karatasi, alikuwa mteja.

Louisville

Ndugu zetu wa Louisville wanaishi katika mji ambao vijana wa shule waliufundisha adabu ya mezani. Mapema mwaka 1961, vijana weusi walianza kwenda katikati ya mji, wakaketi kwenye mikahawa na kaunta zilizokataa kuwahudumia, wakakamatwa kwa mamia. Wazazi wao wakawaunga mkono kwa kugoma kununua nguo mpya za Pasaka katika maduka ya mjini. Wenye maduka walihesabu hasara. Mwezi Mei 1963 baraza la mji lilipitisha amri ya kupiga marufuku ubaguzi katika mahali pa huduma kwa umma, mwaka mmoja kabla ya sheria ya taifa zima.

Mtoto wa mji huo, Muhammad Ali, alirudi kutoka Roma mwaka 1960 na medali ya dhahabu ya Olimpiki, na baadaye alisimulia jinsi alivyokataliwa chakula katika mkahawa wa mji wake mwenyewe. Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 30 Oktoba 1974, alipigana Kinshasa, na uwanja mzima ulimshangilia kama mtoto wa nyumbani.

Wala ubaguzi huo haukuwaangalia Wamarekani weusi peke yao. Oktoba 1957, Komla Gbedemah, waziri wa fedha wa Ghana, nchi iliyokuwa na miezi saba tu ya uhuru, aliingia mkahawa mmoja jimbo la Delaware akaagiza maji ya machungwa. Aliambiwa hawezi kuketi ndani kuyanywa. Habari zilipofika Washington, Rais Eisenhower alimwalika kwa chakula cha asubuhi. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alikataliwa huduma kwenye mkahawa wa barabarani huko Maryland. Hapo ndipo tunapoona jinsi uhuru wa Afrika na haki za watu weusi wa hapa vilivyosukumana. Afrika ilituma mabalozi, na mabalozi walihitaji mahali pa kula.

Columbus

Columbus ni mji wa chakula cha haraka. White Castle ilihamishia makao yake makuu huko mwaka 1934, na Wendy's ya kwanza ilifunguliwa huko tarehe 15 Novemba 1969. Mtu anakula garini, hamjui aliyempikia, na anaondoka.

Katika mji huo huo, upande wa kaskazini, karibu na Cleveland Avenue na Morse Road, ndugu zetu Wasomali wamejenga meza za namna nyingine. Columbus ina moja ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali Marekani. Unaletewa wali wenye hiliki na mdalasini, nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu kando ya sahani. Sambusa ni sambusa, chai ni chai ya maziwa, na mwenye hoteli anakuuliza umetoka wapi kabla hajakuuliza unakula nini. Miongoni mwao wapo Wabantu wa Somalia, walioanza kupokelewa Marekani kwa wingi kuanzia mwaka 2003. Mababu za wengi wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanganyika karne ya 19, na Kizigua bado kinasemwa majumbani mwao. Wakikaa meza moja na Mtanzania, maneno yanafahamiana kabla ya chakula kufika.

Buffalo na Cheektowaga

Sasa tuje hapa kwetu. Wengi wetu tulikanyaga ardhi hii kwenye Uwanja wa Ndege wa Buffalo Niagara, ambao uko ndani ya Cheektowaga. Mji huu ulianzishwa mwaka 1839, na jina lake limetoka katika lugha ya wenyeji wa asili, Waseneka.

Majirani zetu wengi hapa ni watoto na wajukuu wa Wapolandi. Mababu zao walifika Buffalo wakati nchi yao haikuwapo kwenye ramani, kwani Poland iligawanywa na wafalme watatu na haikupata uhuru tena hadi Novemba 1918. Walijenga makanisa, na soko la Broadway, lililofunguliwa mwaka 1888, likawa la kwao, kisha wakasogea mashariki hadi Cheektowaga. Ndiyo maana hapa unapata pierogi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi au jibini ndani, ambayo watoto wetu huyaita sambusa zilizooga. Tena, vijana, mjue jambo hili: wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya Wapolandi walikuwa wakimbizi kwetu. Takribani 5,000 waliishi Tengeru, karibu na Arusha, na wengine Masindi na Koja, Uganda. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Basi ukiketi katika mkahawa wa Kipolandi, usijione mgeni sana.

Na mabawa ya kuku? Kwetu firigisi ilikuwa ya baba, na bawa lilibaki kwa watoto. Hapa bawa limeujulisha mji huu duniani. Wengi husimulia kwamba Teressa Bellissimo wa Anchor Bar, wa familia ya Kiitaliano, aliyakaanga kwa mchuzi wa pilipili mwaka 1964. Watu weusi wa Buffalo wanamkumbuka pia John Young, aliyeuza mabawa mazima kwa mchuzi wake mwenyewe huko Jefferson Avenue miaka hiyo hiyo ya 1960. Historia ya chakula, kama historia ya nchi, inategemea nani amepewa nafasi ya kusimulia. Tuwataje wote wawili.

Mwaka 2011 lilifunguliwa soko la West Side Bazaar kwenye Grant Street, ili wakimbizi na wahamiaji waanze biashara ndogo bila mtaji mkubwa. Waburma, Waethiopia, Wasudan Kusini na wengine walipika bega kwa bega. Septemba 2022 moto uliliunguza. Soko lilifunguliwa upya mwaka 2023, Niagara Street, mahali pakubwa zaidi. Watu walirudi kwa sababu wateja walirudi.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema sikukuu hii. Hoteli ya mhamiaji haina mwekezaji mkubwa nyuma yake. Ina mama aliyeamka alfajiri kuchambua sombe, ina kijana anayesoma mchana na kuhudumu jioni, ina kodi ya nyumba kila tarehe mosi. Tukiagiza chakula cha sherehe kwingine kwa sababu ni rahisi kwa dola mbili, itafungwa, na watoto wetu watalijua ugali kwa hadithi tu. Tuketi huko. Tuwapeleke walimu wa watoto, majirani wa Kipolandi, wafanyakazi wenzetu wa kiwandani. Tuache bakshishi ya haki, kwani tunaijua kazi ile. Wazee wakiwa mezani, vijana wawaulize walikula wapi mara ya kwanza kwa kulipa, na nani alikataliwa kiti.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikuja wageni. Sasa meza nyingine ni zetu, na ni zamu yetu kumkaribisha anayefika.

Tunawatakia nyote sikukuu njema ya uhuru. Karibuni chakula.