Kidokezamwendo, Si "Alama ya Ubashiri"

Nimekutana tena na "alama ya ubashiri wa ugonjwa", yaani kitu kinachopimwa ili kujua ugonjwa utaelekea wapi, safari hii katika kijitabu kinachoeleza kimeng'enya cha CAIX na saratani ya figo. Walioipitisha kamatini, kama ilivyo ada yao, walitosheka na neno la kwanza walilolikuta kamusini.

Bashiri limetoka Kiarabu, na asili yake huko ni kupeleka habari za furaha. Mgonjwa anayeambiwa uvimbe wake una CAIX haba, dalili mbaya, amepelekewa furaha gani? Wengine wamekimbilia "kitabiri". Taabiri nayo ilikuwa kufasiri ndoto, kazi ya Nabii Yusufu mbele ya Firauni, si ya mtaalamu aliyeinamia hadubini. Na yupo mwenzetu mmoja, mlinzi wa Kibantu safi kwa kujiteua mwenyewe, aliyetuletea "kiaguzi". Kuagua ni kupiga ramli, na ni kuondoa uchawi pia. Neno lake basi linatazamia na kuponya papo hapo, ufanisi ambao hospitali bado hazijaupata.

Mimi nasema kidokezamwendo. Limeundwa kama kipimajoto na kinasasauti, kwa kitenzi na kinachotendwa. Anayedokeza haapi. Na nimesema mwendo, si mwenendo, maana uvimbe hauna adabu wala utovu wake.

CAIX yenyewe inanitetea. Figo nzima haina kimeng'enya hiki. Jeni ya VHL inapoharibika, kama inavyotokea mara nyingi katika saratani ya seli angavu, aina iliyoenea kuliko zote, protini za HIF hurundikana kana kwamba oksijeni imepungua, na CAIX hujaa kwenye utando wa seli. Kipande chembamba cha uvimbe kikitiwa kingamwili na rangi, kingo za seli huwa kahawia, kila seli na mzingo wake. Hapo CAIX inatambulisha ugonjwa. Lakini watafiti wa Los Angeles walionyesha mwaka 2003 kwamba, kwa wagonjwa ambao saratani imesambaa, wale ambao seli zilizoshika rangi hazikuzidi asilimia 85 waliishi muda mfupi zaidi. Yaani kuwapo kwake hufichua saratani, na uhaba wake huashiria saratani iliyo kali zaidi. Mambo mawili yanayokwenda kinyume, nasi tuyafunike yote kwa "alama"? Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote na ile ya 2003, sababu nyingine ya kudokeza badala ya kubashiri.

Pendekezo hili nililipeleka panapohusika. Nilijibiwa kwamba neno ni refu. Lina silabi 6; lao lina 12.

Matumizi: "CAIX ni kidokezamwendo cha saratani ya figo." Wingi, vidokezamwendo.